Mtoto Anayesomea Nyumbani Kesho Atakaa Baraza Gani?

 

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo hapa kwetu Kabazi halikosi kuzuka kila Ramadhan, watu wakishaswali tarawehe na kabla hawajatawanyika. Waislamu wa upande huu wa Subukia tunahesabika. Familia chache Kabazi, chache Bahati, chache Solai, na mtoto wa Kiislamu mara nyingi yuko peke yake darasani. Basi utamsikia mzazi akisema: "Mimi nimechoka. Wangu namtoa shule. Mama yake atamfundisha hesabu na Kiingereza, ustadh atamfundisha dini, yatosha." Mwingine anamjibu palepale: "Utalea mtoto asiyejua watu. Akikua ataogopa hata kuongea na chifu."

Wote wawili wana ukweli ndani ya maneno yao, ndiyo maana mjadala hauishi. Anayetaka kumtoa mtoto hajaota tu usingizini. Kuna binti anayeambiwa avue mtandio langoni. Kuna mvulana anayesimamishwa katika ibada isiyo yake kila Ijumaa asubuhi. Na wengi wanakumbuka kesi ya shule moja ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana kuvaa hijabu, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ya namna ombi lilivyofikishwa mahakamani. Mzazi wa kawaida hakukaa kuchambua utaratibu wa mahakama. Alichosikia ni kwamba binti yake hana wa kumtetea.

Mimi sitaki kutoa fatwa, si kazi yangu. Nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu hii si mara ya kwanza kwa Waislamu wa Afrika Mashariki kubaki na watoto wao nyumbani. Tulishafanya hivyo kwa vizazi. Waliolelewa hivyo walikua, wakawa watu wazima, wakaishi na majirani na serikali. Tunaweza kuangalia ilikuwaje.

Nianze na hoja inayopendwa sana: "Kwani watoto wa Masahaba walisoma shule gani?" Hoja nzuri, lakini anayeitoa huwa hamalizi kisa. Tarehe 17 Ramadhan mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walishinda vita vya Badr wakarudi Madina na mateka wa Kikuraishi. Vitabu vya sira vinaeleza kwamba mateka asiyekuwa na mali ya kujikomboa, lakini anajua kuandika, fidia yake ilikuwa ni kuwafundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Ebu fikiri, ndugu yangu. Walimu wale walikuwa washirikina, na siku chache kabla walikuwa wameshika panga dhidi ya baba za watoto haohao. Zayd bin Thabit (R.A.) anatajwa miongoni mwa vijana waliojifunza kuandika kwa njia hiyo. Baadaye Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asome na kujibu barua zao. Na ni Zayd huyohuyo aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani wakati wa Abubakar (R.A.), na tena wakati wa Uthman (R.A.). Kwa hiyo ni kweli, jengo la shule halikuwepo. Lakini kufungiwa ndani pia hakukuwepo.

Sasa twende pwani, maana huko ndiko mizizi ya elimu yetu ilipo, hata sisi tuliozaliwa bara.

Kabla ya serikali ya Kiingereza, mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja alisomea nyumbani, ila nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu. Chuo kilikuwa ukumbi au kibaraza, mkeka umetandikwa, mwalimu ameegemea ukuta, na watoto kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti. Anaanza na alifu kwenye ubao, anaingia juzuu amma, anaendelea mpaka anahitimu na kufanyiwa sherehe. Mwenye kujua zaidi anamsikiliza mwenye kujua kidogo. Baada ya kusoma wanamtekea mwalimu maji, wanamfulia, wanatumwa sokoni. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi walikaa mkeka mmoja na wakachapwa kwa bakora moja. Akitoka hapo, mvulana hukaa pembeni ya baraza wazee wanapozungumza biashara, mirathi, ugomvi wa mipaka, habari za majahazi. Haruhusiwi kudakia, lakini masikio yake yako wazi. Miaka kumi ya kusikiliza namna ile ni shule, hata kama haina cheti.

Ndiyo maana mtu akisema elimu ya nyumbani humfanya mtoto asijue watu, mimi huuliza nyumba gani anayoizungumzia. Ile ya wazee wetu ilikuwa na mlango wazi.

Wasichana hali yao ilikuwa nyingine, na tuseme ukweli. Wengi walisoma ndani, na wengi walifundishwa kusoma tu bila kuandika, kwa hofu kwamba kalamu ingewapeleka kwenye barua za siri. Walikuwepo waliotoka katika hali hiyo wakiwa na elimu kubwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wa wasia kwa binti yake mwaka 1858. Yalikuwa maneno ya mama kwa mtoto wake, ndani ya nyumba, lakini yakanakiliwa na kukaririwa pwani nzima hadi leo. Huwezi kusema mwanamke yule hakuwa na sauti mjini.

Lakini kuna kisa kingine cha wakati uleule ambacho kinanitia mashaka kila nikikifikiria. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alisoma Qur'ani pamoja na ndugu zake kwenye baraza la nyumba ya kifalme. Wavulana walifundishwa kuandika, wasichana hapana. Yeye akajifunza kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama ubao, akawa ananakili herufi kutoka kwenye msahafu mpaka mkono ukazoea. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 ndugu zake wakagombana, Barghash akitaka kumpindua Majid. Upande wa Barghash ulihitaji mtu wa kuandika barua za njama. Binti wa miaka 15 ndiye aliyekuwa na kalamu, basi akafanywa karani wa uasi.

Uasi ulishindwa. Salme alibaki amechukiwa, kwanza na upande mmoja, kisha na wa pili alipopatana na Majid. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akafika Aden, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kule Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Sisi tunasikitika kwa alivyoiacha dini, na Allah ndiye mjuzi wa waja wake. Ninalotaka ulione hapa ni dogo. Alijipatia nyenzo kubwa ya mambo ya umma, yaani kuandika, lakini aliipata peke yake, kwa kujificha, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamwambia kalamu hii itumie wapi na usiitumie wapi. Siku ya kwanza aliyoitwa kwenye mambo ya utawala aliitwa na wapangaji wa uasi. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa la waliomficha kalamu.

Baadaye wakaja wakoloni, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wamisionari wa CMS walikuwa wameshafika Rabai tangu mwaka 1846. Shule zilizofuata zilikuwa za makanisa, na mzazi wa Kiislamu aliona wazi kwamba mtoto akiingia mlango ule akiwa Juma anaweza kutoka akiwa James. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Basi watoto wakabaki chuoni na nyumbani. Serikali ilifungua Shule ya Waarabu ya Mombasa mwaka 1912, lakini ilikuwa moja, na wengi hawakuifikia au hawakuiamini.

Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linapitwa haraka na watu. Wazee wale hawakuwa wajinga wa kusoma na kuandika. Walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za duka, mikataba ya mashamba, tenzi ndefu. Serikali ilipoanza kufanya kazi zake kwa herufi za Kirumi, mtu aliyekuwa msomi jana akageuka leo kuwa mtu wa kuweka dole gumba. Akili ilikuwa ileile, mlango wa ofisi ndio uliobadilishwa kufuli. Na ufunguo mpya uligawiwa mahali pamoja tu, shuleni.

Matokeo yake yaliingia hadi kwenye kura. Waafrika wa Kenya walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, kura haikuwa ya kila mtu. Kwa utaratibu uliotokana na ripoti ya Coutts, ilibidi mtu awe na sifa fulani, kama vile kiwango cha shule, kipato, mali au utumishi wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura hadi 3. Yaani mtu mmoja kura tatu! Na tazama waliochaguliwa. Kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ronald Ngala, mwalimu mkuu wa shule ya Buxton pale Mombasa. Kiti cha Bonde la Ufa, yaani kwetu hapa, kikachukuliwa na Daniel arap Moi, naye mwalimu. Wote wawili walitoka katika shule za misheni. Siwalaumu hata kidogo, walisoma na watu wao wakawachagua. Najiuliza tu mtoto wa chuo wa umri wao, aliyehifadhi Qur'ani na kujua fiqhi ya mirathi, alikuwa wapi siku ile. Mara nyingi hata hakuandikishwa.

Usielewe vibaya. Sisemi waliosomea nyumbani hawakuwa na maisha ya jamii. Walikuwa nayo tele: walizika, waliozesha, walisuluhisha, walijenga misikiti, walilisha wasafiri. Hili la kuzika na kusuluhisha ndilo uraia wa kweli kuliko kupiga kura mara moja kwa miaka mitano, ukiniuliza mimi. Ila lilikuwa na mpaka. Lilikoma pale jamaa zetu walipokomea.

Na hapo ndipo nampenda Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, baba yake akafariki angali mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Shule ya serikali hakuiona. Huyu ni mtoto wa elimu ya nyumbani hasa, kama unavyotaka wewe mzazi wa leo. Lakini tazama nyumba aliyosomea. Ilikuwa nyumba ya makadhi, watu wakiingia na kutoka na kesi zao. Kisha akasafiri kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa ambao mitandao yao ya elimu ilifika Hadhramaut na Makka. Akasoma majarida ya Misri, hasa yale ya Rashid Rida. Mtu hakutoka nje kwenda shule, lakini dunia nzima iliingia ndani kwake.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha jarida la Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Humo aliwakemea Waislamu kwa kulala usingizi wakati wenzao wanasoma. Alitaka watoto wapate elimu ya kisasa, wasichana pia wasomeshwe, na wakati uleule wasivue dini yao wala kuiga kila cha Mzungu. Alikuwa mkali kwa pande zote mbili, na ndiyo maana pande zote mbili zilimnung'unikia. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki mwaka 1947.

Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alimpeleka shule ya kisasa huku akimsomesha dini nyumbani, na nia yake ilikuwa siku moja aende Al-Azhar. Mzee alifariki kijana akiwa na miaka 14 hivi. Al-Azhar hakwenda. Alikwenda Manchester, Columbia na Oxford, akawa Profesa Ali Mazrui aliyefundisha Makerere na kutoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979. Na popote alipokaa alijitambulisha kama Mswahili Mwislamu wa Mombasa. Alipofariki Marekani, Oktoba 2014, alirudishwa akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Tupande sasa bara, maana huenda unasema hayo ni ya pwani, sisi huku tuna ya kwetu.

Bonde la Ufa, watu wa mwanzo kusomesha watoto nyumbani kwa maana ya leo walikuwa walowezi wa Kizungu. Mashamba yalikuwa makubwa, jirani yuko mbali, na shule za bweni kama Pembroke House ya Gilgil, iliyofunguliwa mwaka 1927, zilikuwa bado. Mama alifundisha, au aliletwa mwalimu wa kike akae na familia. Mmoja wa watoto hao ni Beryl Markham, aliyekulia Njoro kwenye shamba la baba yake. Shule rasmi ilimshinda, alipelekwa Nairobi na hakudumu. Alichokuwa nacho ni wenzake wa Kikalenjin aliowinda nao porini na kuzungumza nao kwa lugha yao, na farasi wa baba yake. Akawa mkufunzi wa farasi, kisha rubani, na Septemba 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, alibaki kuwa mtu wake wa karibu ukubwani pia, ila sasa akiwa mtumishi wake. Mlowezi alimruhusu mtoto acheze na mtoto wa skwota. Kukaa naye meza moja wakiwa watu wazima, hapana. Kuchangamana nako kuna aina zake.

Na hao maskwota wenyewe je? Mwaka 1929 ulipozuka ugomvi kati ya makanisa na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwatoa watoto katika shule za misheni. Tuliache suala la tohara yenyewe, tunajua madhara yake. Nataka uangalie walichofanya baada ya kuwatoa. Walichangishana, wakajenga shule zao za kujitegemea, wakaunda vyama viwili vya kuzisimamia, KISA na KKEA, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri ambacho baadaye Jomo Kenyatta alikiongoza. Hata Olenguruone, ambayo leo iko ndani ya Kaunti ya Nakuru, wahamiaji wa miaka ya 1940 walikuwa na shule yao. Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952 ilizifunga shule hizo, kwa kuwa ilizihofia.

Angalia tofauti. Waislamu wa pwani na Wakikuyu wa shule huru walikuwa na malalamiko yanayofanana: shule ya misheni inataka kumbadilisha mtoto wetu. Sisi tukamrudisha nyumbani, kila mtu kwake. Wao wakamtoa, lakini wakakutana. Kamati, mhazini, daftari la michango, mkutano wa wazazi, barua kwa idara ya elimu. Mzazi asiyejua kusoma alijifunza uraia pale kwenye kamati kabla mwanawe hajajifunza chochote darasani. Miaka ya baadaye, walipoanza kugawana nyadhifa na mashamba, nani alikuwa amezoea mikutano? Mimi huliona hilo kila nikitazama historia ya mashamba ya huku kwetu.

Wapo watakaoniambia, "Acha mambo ya kale, Marekani watu wanasomesha nyumbani na watoto wanafaulu." Ni kweli wapo wengi. Mwaka 1999 serikali yao ilikadiria watoto 850,000, na mwaka 2012 ilikadiria karibu milioni 1.8. Mwaka 2003 mtafiti Brian Ray alichapisha matokeo ya kuwauliza zaidi ya watu wazima 7,000 waliosomea nyumbani. Asilimia 71 walisema wanajitolea katika kazi za jamii, wakati Wamarekani wa umri wao kwa jumla walikuwa asilimia 37. Takwimu tamu. Lakini waliojibu walipatikana kupitia mitandao ya familia za elimu ya nyumbani, na waliokubali kujibu ni waliopenda. Aliyeharibikiwa hajazi fomu. Tena familia nyingi za kule zina vyama, siku za kukutana, timu za michezo, safari za pamoja, maktaba ya mtaa iko karibu. Ukichukua jina la kitu bila viungo vyake, umepika pilau bila bizari.

Na sisi wenyewe tulionja mwaka 2020. Shule zilifungwa nchi nzima katikati ya Machi kwa sababu ya Korona, misikiti nayo ikafungwa, na Ramadhan ya 1441 ikatukuta majumbani. Wakenya wote, watake wasitake, wakawa wa elimu ya nyumbani. Nyumba nyingine zilineemeka. Nazijua familia hapa Kabazi ambazo watoto walihifadhi juzuu nzima miezi ile, baba akiwa imamu wa tarawehe sebuleni. Nyumba nyingine mtoto alikaa na simu, au akashinda shambani na kwenye bodaboda. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 2020, waliobaki wakarudi Januari 2021, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Wasichana hasa. Mzazi akiniambia "tuliweza wakati wa Korona", namuuliza kwa upole: nani aliweza?

Halafu kuna sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo bila sababu inayokubalika anaweza kushtakiwa. Usimwondoe mtoto kimyakimya ukadhani ni jambo la ndani ya nyumba yako.

Maoni yangu? Hapa kwetu, tulivyo wachache, mtoto akitolewa peke yake anapotea mara mbili: shuleni hayupo, na chuo cha kale chenye mkeka mmoja na watoto thelathini pia hakipo. Mama mmoja na watoto watatu jikoni si chuo cha Lamu. Ningependa familia za Kabazi, Bahati na Solai ziende pamoja kwa mwalimu mkuu kuhusu mtandio, barua mkononi, wazazi wanane badala ya mmoja anayelia langoni. Na jioni na wikendi watoto wote wakutane madrasa, wa kabila zote. Ikiwa kuna atakayesomesha nyumbani baada ya kufuata sheria, basi wale watoto watatu wawe kumi na watano, na wafundishwe na zaidi ya mtu mmoja. Tena mmoja wa walimu awe jirani asiye Mwislamu. Najua kuna atakayekunja uso hapo. Arudi asome kisa cha mateka wa Badr.

Tangu kaunti zianze mwaka 2013, serikali hulazimika kuita wananchi watoe maoni juu ya bajeti: barabara gani, maji wapi, zahanati ipi iongezwe dawa. Vikao hivyo hufanyika hata huku kwetu, kwenye ukumbi au chini ya hema. Nimehudhuria kadhaa. Mlangoni kuna daftari la kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, kisha unakaa, na ukitaka kusema unainua mkono. Mara ya mwisho Waislamu tulikuwa wanne. Watatu tulikaa kiti cha nyuma, tukasikiliza kwa adabu kama tulivyofunzwa, tukaondoka. Aliyeinua mkono alikuwa msichana wa kidato cha tatu, amevaa mtandio wake, akauliza maji ya kisima cha karibu na msikiti yatafika lini. Karani akaandika. Kikao kilipomalizika wanawake wawili wa kanisani walimfuata wakamwambia swali lile walikuwa nalo wao pia, na wakakubaliana waende ofisi ya maji pamoja Jumatatu.

Wabillahi taufiq.